Vijana wa Reli Waliposikia Honi

Juzi jioni mlinicheka, vijana, kule kwenye uwanja wenu wa Donholm, na siwalaumu. Nilikuwa navuka uwanja nikitoka dukani, mkate kwapani, treni ikapiga honi upande wa reli. Nikasimama. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, katikati kabisa ya mahali mlipokuwa mnapigia kona. Yule wenu wa jezi ya njano akaniuliza, "Buda, betri imeisha?" Mwenzake, mwenye adabu zaidi, akaja kunishika mkono akidhani nimepatwa na kiharusi.

Sikupatwa na kitu. Honi ilipokwisha niliendelea na safari yangu, nanyi mkabaki mkiniiga mmoja mmoja, mnasimama kama mizimu. Kisha yule wa njano akanifuata hadi langoni akaniuliza kwa nini hasa nafanya vile. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana jibu langu ni refu na nyinyi mlikuwa na mazoezi.

Nilifanya kazi katika karakana ya reli, kitengo cha viti. Mabehewa ya abiria yalikuja kwetu yamechakaa, sisi tukang'oa viti, tukavivua ngozi, tukavijaza upya na kuvishona. Kama ulipanda daraja la kwanza kwenda Mombasa miaka hiyo ya sabini, huenda uliketi juu ya mshono wangu. Haukukatika. Wanaonijua bado wananiita Fundi.

Reli ya wakati huo haikuwa treni peke yake. Ilikuwa na nyumba zake, zahanati yake, shule yake ya ufundi, na ilikuwa na klabu yake ya kandanda. Wachezaji wa timu kubwa walikuwa wafanyakazi kama sisi. Asubuhi ungemkuta winga wetu ndani ya ovaroli, amelala chini ya behewa, uso mzima grisi. Beki wetu wa kati aliuza tikiti steshini. Siku ya Jumatatu watu walipanga foleni dirishani kwake, kwanza wamlaumu kwa penalti aliyosababisha Jumapili, ndipo wanunue tikiti ya Kisumu. Alikuwa mvumilivu sana. "Nimesikia, mama," angesema. "Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Chini ya timu hiyo kulikuwa na timu ya watoto wa wafanyakazi. Neno akademia hatukuwa nalo. Tuliiita timu ya chini, basi. Watoto walitoka Muthurwa na Makongeni, kwenye nyumba za reli tulizoziita landhi, chumba hiki Mkamba, kile Mluhya, kile Mkikuyu, na kuta nyembamba kiasi kwamba ulijua jirani anapika nini kabla yeye mwenyewe hajaonja chumvi.

Kocha wao alikuwa Mwaura, dereva wa injini ya yadi. Si yule dereva anayewapeleka watu Mombasa mkawapungia mkono. Injini ya yadi kazi yake ni kusukuma mabehewa na kuyapanga, mbele kidogo, nyuma kidogo, siku nzima bila kufika popote. Mwaura alisema ndiyo maana anapenda mpira: angalau kule kuna goli mtu anaweza kulifikia. Alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye sauti iliyoizidi injini yake.

Kazi yangu kwenye timu ya chini ilikuwa mipira. Mpira wa dukani ulikuwa ghali na uliisha upesi, kwa hiyo kiongozi wa karakana akaturuhusu kuchukua mabaki ya ngozi za viti nishone mwenyewe. Mpira, vijana, unashonwa ndani nje. Unaanza na vipande viwili, unaongeza vingine, uzi umeupaka nta ya nyuki ili usinywe maji, na kila mshono unauvuta kwa mikono miwili hadi vidole vikuume. Kabla ya kufunga kipande cha mwisho unaugeuza, upande mzuri uje nje, unaingiza kibofu cha mpira wa ndani, kisha unamalizia kile kipande kwa kushona bila kuona, kwa kupapasa. Hapo ndipo fundi anajulikana. Mshono wa mwisho ukiwa mbaya, mpira unakuwa na kiwiko, nao ukipigwa huruka utakako wenyewe.

Mpira wangu wa kwanza haukuwa na kiwiko. Nilijivunia. Nikaupeleka kiwanjani siku ya mazoezi baada ya mvua za masika, nyasi zimesimama, na watoto wakacheza muda mrefu wakiuliza mpira uko wapi. Viti vya daraja la kwanza vilikuwa vya ngozi ya kijani kibichi, na mimi nilikuwa nimeshona mpira wa rangi ya nyasi. Kipa alifungwa mara kadhaa akitazama upande mwingine. Mwaura akaniita pembeni, akaniambia taratibu, "Fundi, umetushonea majani." Tangu siku hiyo nilitumia ngozi nyekundu ya daraja la pili.

Sasa nawafikisha kwenye honi.

Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya landhi za Muthurwa, pale ambapo leo mnashuka kununua nyanya na mitumba. Upande mmoja nyumba, upande wa pili njia ya reli inayoingia yadi. Hakukuwa na ukuta wala waya. Mstari wa pembeni wa kiwanja na njia ya mabehewa vilikuwa karibu sana, na mpira ukitoka nje, ulitoka ukaingia relini. Mtoto anayefukuza mpira hatazami kitu kingine. Behewa linalosukumwa polepole nalo halina kelele. Linakuja kama paka.

Kwa hiyo Mwaura aliwafundisha vitu viwili kabla ya kuwafundisha mpira. Cha kwanza, mpira ukae chini. Anayeubutua juu ndiye anayeupeleka relini. Mkisikia wazee wakisema vijana wa reli walicheza pasi fupi fupi za kupendeza, jueni hayakuwa mapenzi ya sanaa. Tuliogopa treni.

Cha pili kilikuwa honi. Injini ya yadi ikitaka kuingia njia ile ya kando yetu, ilipiga honi mbili fupi. Ukizisikia, unasimama ulipo. Hukimbii, hurudi nyuma, hukamilishi pasi. "Mguu ulio chini ubaki chini," Mwaura aliwaambia. "Ulio juu uteremshe hapo hapo. Mpira uache uende unakoenda. Injini ikishapita, mpira utaufuata, nao hautakuwa umekusahau."

Aliwafanyisha zoezi hilo kila jioni. Katikati ya mchezo angepiga honi mbili kwa mdomo wake, na aliyesogea hata kidogo alibeba magoli kwenda stoo. Magoli yetu yalikuwa ya mabomba ya chuma. Baada ya muda hakuna aliyesogea. Mabibi waliokuwa wakianika nguo kando ya kiwanja walisimama pia, na nguo mkononi. Nimewahi kuona mbwa wa pale akisimama. Na marefa wetu, ambao wote walikuwa watu wa reli, wakisikia honi walipiga filimbi, mchezo ukasimama, behewa likapita, mchezo ukaendelea. Tulizoea kiasi kwamba hatukukumbuka tena kuwa kuna watu duniani wasiofanya hivyo.

Kipa wa timu ya chini katika miaka ya mwisho ya sabini alikuwa Simiyu. Kijana mrefu, mtulivu, wa kupangua mipira bila kuruka ovyo. Baba yake, Mzee Barasa, alitoka Bungoma na alikuwa shanta, yaani mtu wa kuunganisha na kuachanisha mabehewa yadini. Alasiri moja ya mvua Barasa alikuwa katikati ya mabehewa mawili, honi ikalia, naye akaona bado ana nafasi ya hatua moja ya kumaliza kufunga mnyororo. Hakuwa nayo. Alitolewa pale akiwa hai, lakini mguu mmoja ulikatwa chini ya goti.

Reli ikampa kazi ya langoni kwa muda, halafu ikamstaafisha. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, na ninataka mwielewe vizuri. Landhi ilikuwa nyumba ya mfanyakazi. Ukiacha kazi, unaacha nyumba. Barasa, mkewe, Simiyu na wadogo zake wawili walipewa muda wa kuhama, na hawakuwa na pa kuhamia. Njia ilikuwa moja: mtoto wa nyumba hiyo akiajiriwa na reli, hata kama mwanagenzi, nyumba iliandikwa jina lake na familia ikabaki.

Na kila mwaka reli ilichukua wanagenzi wachache kutoka timu ya chini. Iliwachukua baada ya mechi moja ya majaribio.

Mama Simiyu alikuwa na kipande cha udongo mbele ya mlango wake, kikubwa kama kitanda, na sukuma wiki yake ililisha nusu ya safu ile ya landhi. Msimu huo nilipita nikaona udongo mtupu. Nikamwuliza kwa nini hajapanda.

"Nimpandie nani, Fundi?" akasema. "Aje mtu mwingine avune?"

Siku ya mechi kiwanja kilijaa. Tulikuwa tumealika vijana wa Dandora, mtaa uliokuwa mpya wakati huo, watu bado wakimalizia kuta zao wenyewe. Walikuja na kelele na walikuwa wazuri. Kwenye benchi walikaa wachaguzi watatu: Mwaura, aliyemwachia mwenzake injini siku hiyo, ofisa wa ustawi wa wafanyakazi, aliyevaa tai, na Kilonzo, msimamizi wa yadi. Kilonzo alikuja kila mwaka kwa sababu yadi nayo ilikuwa na nafasi yake, na kila mwaka aliondoka bila kuchukua mtu. Ukimwuliza alijibu, "Hawa ni wakimbiaji. Yadi haitaki wakimbiaji." Karakana iliwapokea washambuliaji, yeye akaenda kutafuta watu wake kwingine.

Mzee Barasa alisimama kwenye mstari wa pembeni, nyuma kidogo ya goli la mwanawe, ameegemea magongo. Nilikuwa karibu naye na mpira wa akiba.

Refa wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa shule kutoka mtaa wa mbali, tuliyemwalika ili Dandora wasiseme tunajipendelea. Mwalimu mzuri, filimbi yake mpya. Nahodha wetu alimweleza habari za mistari iliyofutika na magoli yanayopinda. Habari za honi hakumweleza. Wala Mwaura, wala mimi. Ni kama umwalike mgeni nyumbani kwako halafu ukae umweleze kuwa mlango unafunguliwa kwa mkono.

Hadi karibu na mwisho hakuna aliyefunga. Simiyu alikuwa ameokoa mipira ambayo mimi nilikuwa nimeshaihesabu kuwa magoli, na nilimwona ofisa wa ustawi akimwinamia Mwaura, anaonyesha golini, anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikamtazama Barasa. Naye alikuwa ameona.

Kisha mshambuliaji wa Dandora, kijana mwembamba mwenye miguu kama fito, akapenya katikati. Na injini ya yadi ikapiga honi mbili fupi.

Vijana wetu wakasimama. Wote, kwa mkupuo, kama picha. Kijana wa Dandora alishangaa, nilimwona akigeuka kulia na kushoto kuangalia kama amekosa. Mwalimu hakupiga filimbi. Basi kijana akaendelea na mpira wake, polepole, kama mtu anayepita kwenye sebule ya watu waliolala. Beki wetu mmoja alipoona vile akashindwa kuvumilia, akachomoka kumfuata. Mwingine naye. Nahodha akapiga hatua akipunga mikono, anamlilia refa. Simiyu alibaki pale pale, mikono chini, macho yakiwa relini. Mpira haukupigwa kwa nguvu. Ulimpita karibu kabisa na kiatu, ukajiviringisha ndani, nayo mabehewa yakapita nyuma yetu taratibu, moja baada ya jingine.

Dandora walicheka hadi wakaketi chini. "Kipa, umepakwa simiti?" mmoja akamwuliza. "Ama unangoja treni ikudakie?"

Mwaura alikuwa tayari uwanjani. "Mwalimu, honi ililia."

"Niliisikia," refa akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini, mzee? Injini si refa."

Goli likahesabiwa, na ndilo lililobaki hadi mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika Simiyu hakutoka golini. Alikuwa akifungua nyavu, kazi ambayo haikuwa yake, mgongo ameuelekeza kwetu. Mimi nilisogea benchi kukusanya mipira, kwa hiyo nilisikia.

"Mshambuliaji na yule winga wa kushoto waende karakana," ofisa alikuwa akisema. "Kipa nilikuwa nimempenda kweli. Lakini Mwaura, kipa anayetazama mpira ukiingia, nitamwombea kazi gani? Nguzo ya simu?"

Mwaura alitazama chini. Ndiye aliyemfundisha.

"Si nina nafasi ya yadi?" Kilonzo akasema.

Ofisa akageuka. "Wewe? Wewe hutaki watu wa mpira."

"Sitaki. Wengine walisimama, halafu walipoona Dandora hawasimami, wakaanza tena. Yule hakuinua kisigino. Na ndiye aliyekuwa na sababu ya kuinua kuliko wote. Anajua nyumba yao iko hapo."

"Kwa hiyo unamtaka?"

"Namtaka. Lakini si wewe wa kunipa."

Akatembea hadi pale alipokuwa Barasa. Mtaelewa kwa nini. Kilonzo ndiye aliyekuwa msimamizi siku ile ya mvua, na ndiye aliyemvuta Barasa kutoka katikati ya mabehewa. Tangu wakati huo walisalimiana, lakini sikuwahi kuwaona wakisimama pamoja.

"Barasa," akasema. "Nipe huyu kijana."

Nilidhani atakataa, na kama angekataa nani angemlaumu? Nyumba ilikuwa hapa, na yadi iliyochukua mguu wake ilikuwa pale, na mtu anamwambia achague.

"Ulitazama miguu yake?" Barasa akauliza.

"Niliitazama."

"Hata wenzake walipokimbia?"

"Hata hapo."

Barasa akahamisha magongo yake, akamwita mwanawe. Simiyu alikuja na nyavu begani, macho chini, kama anayeitwa kuadhibiwa.

"Mimi siku ile nilipiga hatua moja," baba yake akamwambia. "Moja tu, nimalizie kazi. Wewe hukupiga." Kisha akamgeukia Kilonzo. "Mchukue. Lakini asije akaanza kuharakisha kwa sababu yako."

"Kwangu hakuna haraka," Kilonzo akasema.

Simiyu alifanya kazi yadini miaka mingi, na jioni akidakia timu kubwa, ambayo kwa bahati marefa wake walijulishwa mambo ya honi mapema. Miaka ya themanini mipira ya plastiki ilikuja ikanipumzisha, haikunywa maji na haikuhitaji nta. Klabu nayo ilipungua taratibu, jinsi mambo ya reli yalivyopungua. Landhi mnajua zimekuwa nini. Simiyu alistaafu na miguu yake yote miwili, na hilo ndilo kombe pekee la timu ya chini ninaloweza kuwaonyesha, maana mengine sijui yalikwenda wapi.

Kwa hiyo mkinikuta tena nimesimama katikati ya kona yenu, nipitieni pembeni. Honi ikiisha nitaondoka mwenyewe. Na wewe wa jezi ya njano, ukitaka, nitakuonyesha jinsi ya kushona kipande cha mwisho bila kuona. Bado vidole vinakumbuka.

Jumatatu iliyofuata ile mechi nilikuwa naenda kazini mapema, nikakatiza mbele ya nyumba ya Barasa kama nilivyozoea tangu udongo ule ulipobaki mtupu. Mama Simiyu alikuwa amechuchumaa mlangoni, mikono imejaa tope, beseni la miche kando yake.

"Fundi, zunguka," akaniambia bila kuinua kichwa. "Nimepanda hapo."